Kilo Thelathini na Tatu za Dhiki

Jumatatu, 3 Machi
Kaka amepiga simu kutoka kijijini. Shangazi anakuja Ijumaa kuniangalia hali. Nimekwisha. Miaka minne nimewalilia ndugu kwamba mjini nakonda kwa njaa, ili wasinipachikie watoto wa kaka kwenye chumba changu cha pili. Niliingia mjini na kilo hamsini na nane. Leo mizani ya duka la dawa imesema tisini na moja. Nikashuka, nikapanda tena. Imeshikilia msimamo.

Kosa si langu. Kijijini nilipanda kilima kufuata maji. Hapa nafungua bomba. Lifti inanipeleka ofisini, kiti kinanipokea, chai inanifuata. Mji huu ni zizi la kunenepeshea makarani.

Jumanne, 4 Machi
Nimeanza mfungo. Nimemuuliza Sindano, karani mwenzangu, siri ya wembamba wake. Eti anapanda ngazi. Ghorofa sita kwa miguu, na mshahara ni ule ule. Nimemdharau. Alipokwenda msalani nimemalizia chipsi zake. Cha mwenzio hakivunji mfungo.

Jumatano, 5 Machi
Akili ni mali. Mwili ukikataa kupungua, nguo ziongezeke. Nimemtaka fundi cherehani anishonee shati la mtu mara mbili yangu, linipwaye kama mgonjwa. Akanizunguka na utepe, akaniambia, bwana mkubwa, kitambaa cha kiasi hicho huwa anashonea mapazia ya ukumbi. Wateja wakacheka. Nimeagiza hivyo hivyo.

Ijumaa, 7 Machi
Shangazi amefika. Haiamini lifti ya jengo ninaloishi, kwa hiyo amepanda ngazi na gunia la mahindi kichwani. Nilishuka kwa lifti kumpokea, tukapishana, nikarudi juu. Nimemkuta mlangoni ametulia. Anayehema ni mimi, ndani ya shati langu la mapazia.

Akanikagua toka utosi hadi kisigino, akauliza mtoto wa kaka yake, yaani mimi, yuko wapi, au huyu mnene amemmeza. Ulimi ukaniponza. Nikasema, shangazi, huu si unene, ni uvimbe wa njaa. Akanibonyeza tumbo kama anayechagua papai. Kisha akasema pole, baba. Mgonjwa haachwi peke yake. Akauliza chumba cha pili kiko wapi.

Jumapili, 9 Machi
Watoto wa kaka wamewasili, wote watatu. Wamekuja kusaidia kuuguza. Shangazi anasema maji ya bomba ndiyo yanayovimbisha. Niteremke na ndoo kwenye kisima cha jirani, alfajiri na jioni. Lifti ni marufuku kwa wagonjwa. Mkubwa wa watoto ananifuata nyuma, anahesabu ngazi kwa sauti.

Jumamosi, 29 Machi
Kilo themanini na mbili. Sindano amenipongeza, mnafiki mkubwa. Siwezi kuendelea na unyama huu. Kitanda changu wanakilalia wawili, mimi nalala mkekani.

Lakini leo nimepata dawa. Nimempigia kaka kwa siri: nimepona kabisa, nimepandishwa cheo, nimepewa nyumba ya vyumba sita na gari. Hakuna anayemuuguza tajiri. Watamwita shangazi arudi na hao watoto, nami nitapumzika. Kaka amefurahi hadi sauti ikamkauka. Nimemsihi awatangazie ndugu wote, asimsahau hata mmoja.