Kalenda ya Chooni Inanirudisha Chooni

Dokkum, 3 Novemba

Kwako Shemeji Froukje,

YAH: KUOMBA KALENDA YAKO IONDOLEWE CHOONI KWETU

Salamu za heshima zitangulie. Ninaandika nikiwa nimekaa, mahali unapopajua.

Mwaka jana ulitutengenezea kalenda ya siku za kuzaliwa za ukoo mzima, kila mtu na picha yake, tukaitundika chooni kama wafanyavyo watu wote hapa Uholanzi. Tangu hapo sina amani. Namaliza haja ndogo, nafika sebuleni, nahisi bado kuna kitu kimebaki. Narudi. Vinatoka vitone vitatu. Mke wangu, dada yako Tjitske, anasema, "Mzee, hicho ni kibofu. Mpaka Jumamosi usipompigia daktari, nampigia mimi." Nami namwogopa daktari, hasa akianza kuvaa glovu. Kwa hiyo nasisitiza ni kalenda, na hoja zangu ni hizi:

1. Mwezi mmoja una watu kumi na wawili. Mwanamume wa miaka hamsini na nane hamalizi kuwatazama wote kwa haja moja. Nikinyanyuka nimeishia kwa Mjomba Wobbe, lazima nihisi sijamaliza, maana kweli sijamaliza.

2. Shangazi Baukje amepigwa picha akiangalia mbele, na ukutani anakuja usawa wa macho yangu. Umewahi kukojoa mbele ya mwalimu mkuu mstaafu? Misuli inagoma.

3. Kwa kuwa sasa nazijua siku za watu wote, sina kisingizio cha kutohudhuria sherehe zao. Nanyi mnavyokaa duara, kila mtu na kipande chake kimoja cha keki, mtu akitaka kutoka lazima magoti kumi na manne yakunjwe. Kwenye sherehe ya Wobbe nilitoka mara nne. Ya tano akasema, "Sjoerd, si ubebe na kiti chako kabisa." Na chooni kwake nikakuta nini? Kalenda yako.

4. Wobbe naye anarudirudi chooni. Kaka yenu Gerben vilevile. Wote wana kalenda. Ushahidi umekamilika: umeharibu vibofu vya wanaume wa ukoo huu. Naomba kalenda zote zikusanywe, na watu wa ukoo wagawane siku nne tu za kuzaliwa kwa mwaka.

Msalimie mumeo, watoto, na yule paka anayelala kwenye sinki lenu la chooni, yeye tumezoeana.

Shemeji yako mtiifu,
Sjoerd

N.B. Barua hii imekaa siku tatu bila stempu. Katika siku hizo Tjitske aliibandua kalenda ili kunijaribu. Nimekwenda chooni mara kumi na moja kwa siku, nikitazama ukuta mtupu. Nimeirudisha mwenyewe, Baukje na wote, kisha nikampigia daktari. Msaidizi wake anasema watapima kwa mashine waone kama kweli kuna mkojo unaobaki, au kibofu kinanidanganya tu. Nimepewa tarehe kumi na nne. Sikuhitaji kuangalia popote kujua kwamba ni siku yako ya kuzaliwa. Tutakuja jioni. Niwekee kiti cha mlangoni.