Kisu cha Kiajemi Dhidi ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji, mdogo wa mke wangu, bado yupo. Alikuja kukaa wiki moja amwone daktari wa macho. Macho yalishapona mwaka jana. Kuondoka ndiko kumeshindikana. Analala katika chumba changu cha kusomea. Meza yangu ya kuandikia imesukumwa ukutani, na juu yake kapanga viatu. Haya nayaandika jikoni, kati ya kikapu cha vitunguu na redio ya mke wangu.

Leo nimetambua nguvu zake zinatoka wapi. Ni kisu. Kisu kidogo cha kukunja, bapa limenyooka, mpini wa plastiki, cha hovyo tu. Kifurushi kikifika, mke wangu anamwita mdogo wake. Bomba likihitaji kipande cha mpira, mdogo wake. Asubuhi uzi ulikuwa unaning'inia kwenye mkono wa shati langu, nami nimo ndani ya shati, akaitwa yeye aukate. Nilisimama kama mtoto anayenyolewa.

Nilimwambia mke wangu kwa upole kwamba mgeni naye ana kwake. Akaniuliza, haya Mwalimu, akiondoka nani atakwangua mlango wa kabati unaogoma kufunga? Nikapapasa mfuko, sikuwa na kisu.

Nimefundisha historia maisha yangu yote, kwa hiyo mambo ya sababu na matokeo nayajua. Mwenye kisu bora ataitwa yeye. Asiyeitwa atakosa kazi. Akikosa kazi atafunga mizigo. Nami nitarudi mezani pangu.

Jumanne, 4 Machi

Duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji ni mama mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Akanipangia visu vya kukunja kwenye kaunta, nami nikamweleza jinsi kisu cha kubeba kila siku kinavyochaguliwa. Kwanza urefu: bapa lisizidi upana wa kiganja, ama sivyo unatembea na panga. Pili komeo: kikifunguka kisijifunge chenyewe, vidole havioti tena. Tatu kibanio cha kukishikiza mfukoni, kisizame chini pamoja na funguo. Mama alisikiliza huku akihudumia watu wengine.

Kisha nikakiona. Mtindo wa Kiajemi! Usidhani ni jambia. Mgongo wa bapa unashuka kidogo, halafu unapanda. Tumbo lake la makali ni la mviringo. Ncha inatazama juu, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali asilolijua. Mpini wa mfupa umepinda kulifuata bapa. Kando yake kisu cha shemeji ni kijiti.

Mama akasema kile kinapendwa na wanaochuna ngozi na kukata nyama, ila mafundi huchukua kilichonyooka. Nikamwambia ndiyo maana sikitaki kilichonyooka. Akaniuliza basi mimi nina kazi gani nacho. Nikasema, heshima. Akakiangalia tena, akasema kwa heshima kitafaa sana.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kwanza ya kubeba. Kwa kuwa mpini umepinda, nikiketi unanidunga nyongani. Nimekaa upande upande kutwa nzima. Mke wangu ameuliza kama nina jipu.

Hakuna kilichohitaji kukatwa. Nimezunguka nyumba yote nikitafuta. Hatimaye nikachukua kamusi yetu, nikaitia kwenye boksi, nikalifunga kamba kwa mafundo ya nguvu, nikaliweka nje mlangoni, nikagonga, nikazunguka kupitia mlango wa nyuma. Nilipofika sebuleni nikihema, mkono mfukoni, mke wangu alikuwa ameketi na boksi magotini. Mafundo yote alikuwa ameyafungua kwa kucha. Hatupi kamba, yule. Kaikunja vizuri, kaitia kwenye droo. Kisha akauliza ni nani huyo aliyetutumia kamusi yetu wenyewe.

Shemeji akasema huenda ni mtu aliyeazima na kuona haya. Nikakubaliana naye. Ilinibidi.

Alhamisi, 6 Machi

Hatimaye! Zulia jipya la plastiki la sebuleni limeletwa. Jumapili wanakuja wazazi wa mume wa binti yetu, na mke wangu hataki waone sakafu ile yenye mabaka. Zulia ni pana kuliko chumba. Lazima likatwe kufuata kuta.

Shemeji alishanyanyuka. Nikasimama mbele yake, nikasema kazi hii ni yangu. Akacheka, akasema shemeji yangu, kazi hiyo ina magoti. Nikamjibu magoti ninayo mawili kama yeye. Akasema yake yanakunjika.

Mke wangu akatutazama sote wawili jinsi anavyotazama maziwa yanayotaka kufurika. Akatoa hukumu. Nikilitandika zulia likakaa sawasawa, mdogo wake asiliguse, atamwambia yeye mwenyewe kwamba sasa arudi kwake. Nikiliharibu, hataki kusikia tena habari ya chumba cha kusomea. Kwa mara ya kwanza nilimwona shemeji anaangalia begi lake.

Ijumaa, 7 Machi

Majaribio. Nimeshika gazeti hewani kwa mkono mmoja, nikalipitishia kisu kwa mwingine. Linaachia bila sauti. Nimekata magazeti ya mwezi mzima, pamoja na la leo ambalo mke wangu alikuwa hajalisoma. Sikuona haja ya kujaribu sakafuni.

Jumamosi, 8 Machi

Nieleze kwa utaratibu.

Zulia likiwa chini, ncha ya kisu ndiyo hukata. Ncha ya Kiajemi inatazama juu. Ukitaka iguse chini lazima uinue mpini mpaka kiwiko kifike sikioni. Ukichoka ukashusha mkono, ncha inapaa, na tumbo linateleza linakotaka lenyewe. Niliweka rula ya chuma. Kisu kiliipanda.

Nilipofika mwisho wa ukuta wa kwanza, ukingo ulikuwa na ghuba, rasi na visiwa viwili. Nikalivuta zulia lizibe ghuba. Pengo likahamia ukuta wa pili. Nikapunguza upande wa tatu ili ulingane na wa pili. Kisha wa nne, kwa ajili ya haki. Kufikia mchana zulia lilikuwa limekaa katikati ya sebule, halifiki popote.

Shemeji alikuja mlangoni, mikono nyuma, hakugusa kitu, masharti aliyashika. Akatazama pembe zote. Akasema kwa sauti ya huruma kwamba zulia liko vizuri, shemeji, ila chumba kimekua.

Mke wangu alikwenda kuchemsha maji ya chai, akasahau kuweka majani.

Jumapili, 9 Machi

Wageni wamekuja na kuondoka. Walikaa wote juu ya zulia, miguu wameikusanya, kama watu waliokimbia mafuriko. Mama mkwe wa binti yetu alisifu mapazia.

Baada ya hapo uamuzi ulisomwa. Shemeji ataunga vipande pembeni kwa gundi, polepole, kwa kuwa kazi ya kurekebisha ni ngumu kuliko ya kuanza. Atahitaji mahali pa kukatia. Meza yangu ya kuandikia imeonekana ina urefu unaofaa. Ameniomba ruhusa kwa adabu kubwa, na kusema nisijali, viatu atavihamishia kwenye rafu ya vitabu. Mke wangu akamwambia begi alitoe sakafuni, akampa na kabati.

Nimekaa hapa jikoni nikalipima jambo hili bila hasira, jinsi nilivyowafundisha wanafunzi wangu kuchunguza chanzo kabla ya kulaumu. Nimejiridhisha. Kisu hakina kosa. Sakafu yetu ndiyo imenyooka mno, na kisu kilikuwa kifupi, hakikuweza kuishinda. Mama wa dukani alinionyesha cha Kiajemi kingine kikubwa zaidi, chenye ncha iliyopanda kuliko hii. Kesho nitakuwa mlangoni kwake kabla hajafungua.