Bishara na Minyororo ya Theluji katika Matope ya Minjila

Sogeeni, enyi mlio karibu, nanyi mlio mbali fungeni ndama mje. Anayekama na amalize, anayelia na apanguse machozi akalie kesho, kwa kuwa habari hii haisikilizwi na mtu aliyegeuza shingo. Msiniulize vita vya masultani. Msiniulize simba aliyeuawa kwa mkuki mmoja, maana simba huyo kila ukoo unaye, na kila mwaka anaongezeka urefu. Mimi nawaletea habari za Bishara binti Wario, Mfunga Nyumba, Mkamaji wa Ng'ombe Wakaidi, Msomi wa Darasa la Nane aliyeishia hapo hapo la nane, ambaye mwaka ule mvua ya El Nino ilipochoka kunyesha alipigana na theluji akaishinda, ijapokuwa theluji yenyewe haikufika.

Basi jueni kwanza alichokuwa akikipigania, msije mkasema alipigania matope.

Dada yake, Ikran, alikuwa ameolewa Garsen, na siku hiyo ndiyo siku ya kuingizwa nyumbani kwake. Na desturi yao wafugaji ni hii: bibi harusi havuki kizingiti kikavu. Maziwa ya ng'ombe wa mama yake humwagwa mlangoni kwanza, na nywele zake hupakwa siagi, ndipo ainame aingie, kabla ya adhana ya alasiri. Lakini mafuriko yalikuwa yamepita, na nyuma ya mafuriko ukapita ugonjwa, na katika zizi la mama yao wakabaki ng'ombe wa kuhesabika bila kutumia vidole vya miguu. Ndipo shangazi wa bwana harusi, Madina, mwanamke mwenye sauti ya kuita ngamia ng'ambo ya mto, aliposema mbele za watu, "Siagi nitatoa mimi. Nyumba ile haina siagi, masikini. Na maziwa yao yakichelewa, nitatoa na maziwa pia. Alasiri haimngoji mtu."

Neno hilo lilifika Minjila kwa mama yao kabla ya yeye kufunga mdomo. Mama yao alikama asubuhi mpaka chuchu za mwisho, akajaza chombo cha kusukwa kwa mizizi, kile alichopewa na mama yake, akakifunga kifuniko, akamkabidhi Bishara. Akasema neno moja tu: "Yafike."

Hapo ndipo ujinga wa shujaa wetu ulipovaa taji.

Kwa maana nyanya yake, Akko Sabdio, alikuwa ameshamfunga punda wake mzigo wa mikeka ya mwisho ya nyumba ya Ikran, akasema, "Weka maziwa hapa juu, tutembee. Jua bado changa."

Naye Bishara, amevaa gauni jipya lililokuwa bado na mikunjo ya dukani, akalitazama gauni, akamtazama punda, akanena kwa sauti aliyodhani ni ya wakubwa: "Akko, zama za punda zimepita. Mimi naenda na gari."

"Gari lipi?"

"La Hersi."

Akko Sabdio akatafuna mate, akayatema kando kwa adabu. "Basi tutaonana Garsen. Au kiyama. Kitakachotangulia."

Gari la Hersi mwenye duka lilikuwa pikapu iliyonunuliwa Mombasa, nayo ilikuwa imetoka mbali zaidi, nchi za baridi kali, kabla ya kuletwa kuungulia huku kwetu. Watu waliiita Subira, kwa kuwa hicho ndicho kitu cha kwanza ilichomdai abiria. Dereva wake alikuwa Komora, Mpokomo wa kule Ozi, mtu mpole kwa watu na mkali kwa gia. Nyuma ya kiti chake mlikuwa na gunia zito lililokuja na gari, ambalo yeye aliliegemeza mgongo bila kulifungua hata siku moja, akisema kitu kikikufaa kimefungwa, ukifungue kwa nini?

Wakaondoka, Komora kwenye usukani, Bishara kando yake na chombo mapajani, na huko nyuma mzee Dida na beberu wake. Dida hakuwa na shughuli Garsen. Alikuwa mtu wa kupenda kuwepo.

Hawakwenda mbali. Barabara iliinama kidogo, mahali pasipo na jina, na hapo mafuriko yalipokuwa yakiondoka yaliacha matope kama mgeni anavyoacha mzigo, akisema nitaupitia. Udongo mweusi wa delta, enyi wasikilizaji! Ukikauka hupasuka, ukilowa humeza. Upana wa matope hayo, nisiwadanganye, mikeka ya nyumba moja ingeyafunika. Lakini katikati palionekana kiatu cha mtu, kimesimama wima, na mwenyewe hayupo.

Komora akasimamisha gari ukingoni. "Hapa tukiingia hivi hivi, tutalala. Juzi niliteleza hapa nikageuka, nikajikuta natazama nilikotoka."

"Minyororo," akasema Bishara.

"Nini?"

"Kuna magari ya watu wa msaada hupita kwetu, yamevaa minyororo. Nimeyaona kwa macho yangu. Hayatelezi." Na hilo lilikuwa kweli, ila macho yake yalikuwa mbali sana siku hiyo, nyuma ya ng'ombe, na yaliona kung'aa tu na kusikia kelele.

Tangu watoke Bishara alikuwa akisikia chuma kikilia ndani ya lile gunia nyuma ya kiti, wakalitoa. Juu yake palikuwa na picha ya gari limesimama katika weupe mtupu, weupe chini, weupe juu ya miti, na gurudumu lake limezungukwa na kitu. Dida akashuka akaichunguza.

"Chumvi," akaamua.

"Si chumvi, baba. Ni theluji." Bishara akajinyoosha. Katika Minjila yote hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa na habari za theluji siku hiyo, na yeye mwenyewe alikuwa nazo kidogo sana, kutoka kwa mwalimu wa darasa la sita ambaye naye hakuwahi kuiona. "Ni barafu laini. Huanguka kutoka juu, ikafunika njia, magari yakateleza. Ndipo wakayatengenezea hii."

Wakafungua. Ikamwagika minyororo miwili mirefu, kila mmoja umefumwa kama ngazi, na ndoana mwishoni. Wote watatu wakaitazama. Beberu pia akatazama.

"Sasa inavaliwaje?" akauliza Komora.

Hapo, enyi watu, ulimi wa Bishara ulikimbia kabla ya akili kuamka. Angeweza kusema sijui. Neno hilo ni fupi na halivunji meno. Lakini alikuwa amekwisha mwambia Akko kwamba zama za punda zimepita, na mtu akishasema vile hana tena mahali pa kuweka sijui. Akakunja mikono ya gauni, akahutubu:

"Sikilizeni! Ng'ombe mkaidi akikamwa hurusha miguu, huteleza, humwaga. Dawa yake ni nini? Humfungi miguu ya nyuma pamoja, akatulia? Gari linateleza kwa sababu hii moja, miguu yake ya nyuma haipatani. Tuifunge!"

Dida akatikisa kichwa kwa kukubali. Ndiyo hoja waliyokua nayo, tangu utotoni, na haikuwahi kumwangusha mfugaji yeyote. Komora, ambaye kwao ni migomba na mpunga, alitia shaka kidogo. "Mimi ng'ombe sijui, dada. Mgomba haurushi mateke."

"Basi tuachie sisi tunaojua."

Wakaipitisha minyororo chini ya gari, wakaizungusha gurudumu la kulia, wakaivusha, wakaizungusha la kushoto, wakarudi, wakakaza fundo lile lile ambalo Bishara hulifunga kila alfajiri na ambalo fahali hajalifungua. Akapanda, akapakata chombo. "Washa!"

Komora akawasha. Akakanyaga mafuta. Subira ikanguruma, ikatetemeka kama mwenye homa, ikapiga magoti nyuma, ikainua pua mbele, ikatoa moshi mweusi na mweupe na rangi nyingine isiyo na jina. Chombo cha maziwa kikarukaruka mapajani mwa Bishara mpaka meno yake yakagongana. Magurudumu hayakuzunguka hata upana wa kucha.

"Ongeza!" akalia Bishara.

Komora akaongeza. Akaongeza tena. Akarudi nyuma, akaenda mbele, na gari likabaki palepale likitikisika kwa bidii kubwa, kama mtu anayekataa kuamka.

Dida akaita kutoka nyuma, "Binti Wario! Hakika amekuwa mpole! Sasa mkame!"

Na wakiwa katika hali hiyo, zikasikika kwato. Akko Sabdio akatokea juu ya kijiinuko, akimfuata punda wake taratibu, fimbo begani. Akasimama. Akachungulia chini ya gari, akaona fundo. Akalitambua, maana ndiye aliyemfundisha.

"Bishara, mwanangu. Umelifunga gari ili lisikupige teke?"

Bishara akatazama mbele.

"Nipe maziwa nitangulie nayo. Jua limepinda."

Hapa moyo wa shujaa ulisimama njia panda. Aliona mlango wa Ikran mkavu. Aliona Madina ameinua chombo chake kwa mikono miwili, na mama yake Minjila, akiambiwa jioni kwamba binti yake aliingia kwa maziwa ya kuazima. Punda alikuwa pale, amesimama, anafika siku zote. Ilitosha kunyoosha mkono. Naye akasema, enyi watu, msimcheke sana, akasema, "Yatafika na gari, Akko."

"Haya. Nitawaambia unakuja. Uongo huo nitausema kwa adabu."

Akampiga punda kidogo, wakaingia matopeni. Punda akazama mpaka magotini, akafikiri, akatoka. Na Bishara, kwa aibu, hakuweza kumtazama nyanya yake, kwa hiyo akautazama mzigo. Mikeka ilikuwa imekunjwa mgongoni kwa punda, na juu yake umetandazwa wavu wa kamba, umeteremka pande zote mbili, ukafungwa chini ya tumbo. Punda akiteleza, mzigo haukuteleza. Ni wavu ule ule ambao wanawake huutupia nyumba yao baada ya kuifunika mikeka, wakaukaza chini, upepo wa kaskazi ukija ukaondoka mikono mitupu. Bishara alikuwa amefunga nyumba nne maishani mwake. Hata moja hakuifunga miguu na nyumba ya jirani.

Akateremka garini polepole.

"Komora, kaka yangu. Zima."

"Nini tena?"

"Hii si kamba ya miguu. Ni kamba ya paa." Akainama penye fundo. "Nilikosea."

"Ah," akasema Komora, bila kumwongezea.

Akafungua fundo, na fundo lile lilimtesa yeye kama lilivyowatesa mafahali. Akatandaza ngazi za chuma nyuma ya kila gurudumu, kama mkeka. Komora akarudi nyuma kidogo, magurudumu yakapanda juu yake. Ndipo Bishara akaitupia ncha nyingine juu ya tairi, akaivuta ishuke, akalala chali chini ya gari, gauni jipya likaagana na mikunjo yake milele, akatafuta ndoana kwa upande wa ndani, akaikaza kwa meno yaliyokazwa. Kisha la pili. Dida akashika beberu, akatoa ushauri, na kwa mara ya kwanza hakusikilizwa na mtu.

"Twende," akasema Bishara, tope likimtiririka sikioni.

Na Subira ikaenda! Ikashuka ukingoni kama jeshi liingialo mji, minyororo ikayauma matope, matope yakaruka mpaka juu ya mabega ya Dida, gari likayumba mara moja, likajishika, likakipita kile kiatu kilichosimama, likapanda ng'ambo! Kufumba na kufumbua, imekwisha. Wakapiga vigelegele, Komora kuliko wote. Na kwa furaha hiyo wakasahau jambo moja, kwamba minyororo huvuliwa.

Kutoka pale mpaka Garsen barabara ilikuwa kavu, ngumu, ya mawe. Sitaeleza safari hiyo. Anayetaka kuijua na aingie ndani ya debe, alijaze kokoto, aombe adui yake alibingirishe. Bishara aliinua chombo kisigonge, kikamgonga. Wakamwona Akko na punda wake kwa mbali, wakajitahidi kumpita, na hawakumpata mpaka mlangoni.

Watu wa Garsen walitoka nje wakidhani wafungwa wametoroka. Ikran alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, amejifunika, na Shangazi Madina kando na chombo chake tayari kwa mikono miwili, kama Bishara alivyomwona katika hofu yake. Muadhini alikuwa akikohoa kusafisha koo.

"Yamefika," akasema Bishara, na sauti yake ilikuwa bado inatetemeka kwa barabara.

Madina akamtazama Bishara, kinyago cha udongo, akakipokea chombo, akakifungua, akakiinamisha juu ya kizingiti. Hapakutoka kitu. Akakitikisa. Pakasikika *chubwi*. Kikatoka kijito chembamba cha maziwa mepesi, yakalowesha mlango, na nyuma yake likachungulia donge la manjano, kubwa kuliko ngumi, likakwama mdomoni mwa chombo.

Bishara akajua sasa kwamba amemharibia mama yake maziwa ya mwisho.

Akko Sabdio akasogea. Akatia kidole, akaonja. Akafumba macho kwa muda ambao ulikuwa mrefu kuliko lazima.

"Siagi," akatangaza, kwa sauti iliyovuka mto. "Nani alisema nyumba ile haina siagi? Ng'ombe wa binti yangu ni wachache, ni kweli. Lakini wanatoa maziwa na siagi kwa pamoja, njiani, bila kusukwa na mtu!"

Kicheko kikaanzia kwa wazee kikafika kwa watoto. Madina akakitazama chombo chake mwenyewe, akakifunika, na kwa heshima yake, kwa kuwa si mwanamke mbaya, yeye ndiye aliyelitoa donge lile akampaka Ikran nywele, kwa vidole vyote kumi, bila ubahili. Ikran akainama kuvuka kizingiti kilicholowa. Kabla ya kuingia akamgeukia mdogo wake.

"Una tope puani," akanong'ona, machozi yakimtoka.

"Najua," akasema Bishara. Akaenda kumsaidia Akko kumshusha punda mzigo. Hakusema tena neno lolote kuhusu zama.

Basi na iandikwe, na anayejua kusoma amsomee asiyejua, kwamba Bishara binti Wario alilivika gari silaha za nchi za baridi, akalivusha katika matope yenye upana wa nyumba moja, na tangu siku ile mpaka leo theluji haijathubutu kukanyaga Minjila.