Gogo la Watawa

Alhamisi, 3 Mei 1984. Saiprasi. Siku ya arobaini tangu nitoke kwetu Dandora. Mgongo umekufa! Kutwa nachonga vifaru mbele ya watalii, mimi na Mativo, jirani yangu wa kule nyumbani. Leo Bi Eleni, mwenye hoteli, katushtua: kazi imebaki ya mtu mmoja. Jumatatu atakagua kinyago cha kila mmoja. Atakayeshindwa, kwao! Mativo kaniambia nianze kukunja blanketi. Mshenzi.

Ijumaa, 4 Mei. Miti ya hoteli ni laini kama boga. Nahitaji mti mgumu. Mativo asijue.

Jumamosi, 5 Mei. Tumepelekwa pamoja na watalii kuona bustani na nyumba ya watawa ya miaka mia nane. Bustani! Ekari nzima, hakuna shina hata moja la sukuma wiki! Maua matupu, na wanaume watatu wazima wa kuyamwagilia! Nilishika kichwa.

Kwa watawa, ukutani, gogo kavu limening'inia kwa minyororo, na nyundo ya mti kando. Nikajua linauzwa. Mchongaji hachukui mti bila kuugonga. Wenye ufa hulia vibaya. Nikagonga. Safi! Nikaligonga lote, mwanzo hadi mwisho, mbio mbio.

Mama yangu! Milango ikafunguka. Wazee wenye ndevu wakamiminika kuelekea kanisani, mmoja na kiatu kimoja, mwingine mikono imejaa unga. Kumbe ndiyo kengele yao! Mkubwa wao akaniuliza kwa Kiingereza nani amekufa. Nikamjibu hakuna, nauliza bei tu. Mativo alicheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 6 Mei. Nimerudi kwa miguu kuomba msamaha. Na mti. Mkubwa wao kanipa kahawa na kisiki cha mzeituni. Sikuamini! Mgumu kama chuma. Patasi mbili zimevunjika. Kifaru ana kichwa na miguu ya mbele.

Jumatatu, 7 Mei. Bi Eleni kauliza mwili uko wapi. Nikasema bado anatoka kichakani. Hakucheka. Kachagua twiga wa Mativo, wa mti ule ule wa boga!

Mativo kanipa kitenge nimpelekee mkewe, Koki. Kanisihi nimwambie ameshinda. Thubutu! Nitamwambia mumewe amefuga ndevu, ameingia utawa, harudi. Kitenge kitamfaa mke wangu Nzilani. Nafika Alhamisi jioni, Mungu akipenda.