Mshindi Ndiye Anayelipa

Jumatatu, 3 Februari. Thunder Bay.

Alama 594! Ndizo benki wanazopimia kama mtu anakopesheka, nimeziona kwenye simu asubuhi. Nikazisoma, nikaenda kuoga, nikarudi nikazisoma tena. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa na 480, na benki zilikuwa zikinikatia simu nikishataja jina. Leo niangalie! Mtu aliyefilisika, anayelipa madeni kidogo kidogo chini ya msimamizi, na bado anapanda. Ningekuwa na bendera ningeipandisha.

Yote hii ni kazi ya kadi. Si kadi ya watu wa kawaida. Hii unawapa benki kwanza dola mia tano zako, wanazishika kama dhamana, ndipo wanakuruhusu ukope dola mia tano. Shemeji yangu Wendell, kaka wa mke wangu Lorna, anasema hiyo si kukopa, ni kujikopesha mwenyewe kwa ruhusa. Wivu tu.

Nilitangaza alama zangu mezani. Wendell akafuta mdomo, akasema zake ni 831, akaomba apitishiwe viazi. Huyo ndiye mwenye nyumba. Sisi tunaishi chumba chake cha chini ya ardhi tangu biashara yangu ya sauna ya magurudumu, chumba cha mvuke cha kuvutwa na gari, ilipokwama. (Watu wa mji huu hawakuwa tayari. Na ekseli nayo haikuwa tayari.)

Sasa habari kubwa. Lorna amepata nyumba ya kupanga. Ghorofa ya pili, dirisha linatazama ziwa. Anasema miaka miwili hii akiamka anachokiona kwenye kidirisha chetu ni matairi ya gari la kaka yake, na amechoka, anataka kuona maji. Mwenye nyumba hiyo, Bi. Hrynchuk, anataka mpangaji mwenye alama 600, na atazikagua tarehe ishirini. Fomu nimeijaza mimi, kwa jina langu peke yangu. Mimi ndiye kichwa cha nyumba, hata kama nyumba ni ya Wendell.

Zimebaki sita tu! Nikampigia msimamizi wangu wa madeni, Bi. Pettigrew. Akasema benki hupeleka hesabu ya kadi kwa wanaotoa alama tarehe kumi na tatu. Siku hiyo kadi isiwe na deni zaidi ya dola mia hivi, na hizo sita zitakuja zenyewe. Usifanye lolote, Bwana Haapala, akasema. Akarudia: lolote. Mama mzuri sana, ila hajui anaongea na nani.

Jumatano, 5 Februari

Nimelala nikiliwaza. Kadi isiyotumika ni kama mtu aliyelala kazini. Benki wataijuaje bidii yangu? Hapana. Lazima waone pilikapilika, halafu waone ninalipa. Wastuke!

Mpango: nasimama karibu na malipo dukani, nawalipia watu kwa kadi yangu, wananipa pesa taslimu. Nazikusanya, nalipa kadi kabla ya tarehe kumi na tatu. Hakuna anayepoteza. Ajabu hakuna mwingine aliyewahi kulifikiria.

Watu wa mji huu wana adabu mno, hawawezi kukataa. Jirani alinikubalia kisha akaniomba msamaha, sijui wa nini. Kufika saa sita nimeshawalipia watu nyama, maziwa, chakula cha mbwa na betri ya gari. Kadi ina deni la dola mia nne na kumi. Mfukoni nina noti hizo hizo. Meneja wa duka akaja akaniuliza kwa upole kama kuna mtu nyumbani anayeweza kuja kunichukua. Nikamwambia mimi ni mteja mwenye alama 594. Akasema hongera sana, akanishika kiwiko, akanifungulia mlango.

Njiani kurudi nikapita duka la vifaa vya michezo. Kuangalia tu.

Alhamisi, 6 Februari

Fagio jipya! Mpini wa kaboni, mwepesi kama hakuna kitu. Mtu anayecheza mchezo wa mawe, wa kutelezesha jiwe juu ya barafu hadi kwenye duara huku wenzake wakilifagilia njia lifike mbali, hawezi kufagia kwa fagio la mwaka 1998 na kutegemea heshima. Wachezaji wangu watajisikia watu, nami nina kikosi changu pale klabu. Nimetumia noti za jana, lakini kidogo tu, dola mia moja na sitini.

Lorna kaliona. Hakupiga kelele, na hapo ndipo nilipoogopa. Akanyoosha mkono nikampa noti zilizobaki. Akafungua mkoba wake, akaongezea za kwake, za kushona mapazia ya watu, akaenda kulipa kadi mwenyewe. Imebaki na deni la dola arobaini. Akanirudishia kadi mkononi, akasema, “Orvo, mume wangu, nakuomba. Mpaka tarehe kumi na tatu. Usiiguse tu basi. Unaweza?”

Nikamwambia mbona hilo ni jambo dogo. Nikaapa. Nilijisikia fahari sana jinsi nilivyoapa, kwa sauti nzito.

Jumapili, 9 Februari

Tatizo limejitokeza. Keshokutwa tunacheza fainali na kikosi cha Wendell. Na mchezo wetu una desturi yake, sijui nani alianza: mshindi ndiye anayewanunulia walioshindwa vinywaji. Kwenye klabu yetu kapteni hulipa peke yake. Mimi ni kapteni. Mwaka mzima kila mechi tuliyofungwa nimekunywa bure, na tumefungwa karibu zote. Fainali tumeingia kwa sababu vikosi viwili vilishikwa na mafua.

Kwa hiyo tukishinda nalipa. Pesa taslimu sina. Ninayo kadi tu.

Basi lazima tushindwe! Nimelipanga lote. Mawe yangu nitayarusha kizembe, lakini kwa ustadi, mtu asijue. Nani mwingine klabuni ana akili ya kupanga kushindwa? Lorna nilipomweleza alicheka, mara ya kwanza tangu Krismasi. Akasema kwa hilo ananiamini kabisa. Kichwa kikanivimba.

Jumatano, 12 Februari

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye utukufu.

Jana klabu ilijaa. Lorna alikuwa nyuma ya kioo pamoja na wake wa wachezaji wengine, na kikombe chake cha kahawa. Nilianza vizuri kabisa, yaani vibaya. Jiwe la kwanza nililirusha nje kabisa ya duara, likagonga jiwe lililokaa pembeni, likapinda, likalitoa la kwao na kukaa katikati. Watu wakapiga makofi. La pili nililitupa bila nguvu ili lisifike. Vijana wangu wakafagia na fagio lile jipya kama wendawazimu, likafika! Niliwapigia kelele waache. Wakadhani nawahimiza.

Ikafika jiwe la mwisho, tumefungana, na la kurusha ni langu. Kazi rahisi. Naliachia pembeni, tunashindwa, nakunywa bure, Lorna anapata ziwa lake. Nimeshachuchumaa. Wendell kasimama nyuma ya duara, kaegemea fagio lake, akasema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: “Rusha tu, shemeji, usiogope. Ukikosa, chumba cha chini bado kipo. Hakiendi popote, na wewe pia huendi popote.”

Watu wakacheka.

Aka! Mimi nichekwe na mtu anayepaka siagi pande zote mbili za mkate? Damu ikanipanda. Nikamtazama usoni, nikaliachia lile jiwe kutoka moyoni. Likateleza. Likagonga la pembeni kwanza, jambo ambalo nililikusudia karibu kabisa, likapinda, likalisukuma jiwe lake nje, likatulia katikati ya duara kama limealikwa. Klabu nzima ilinyanyuka! Wendell mdomo wazi. Miaka hamsini na nane nimeishi kwa ajili ya sura ile.

Kilichofuata ni desturi tu. Kikosi chao ni watu wanne. Bia nne. Hapo ningekuwa salama bado. Lakini mtu akapaza sauti, Haapala huyo, Haapala! Na mwenye baa akauliza, je, wanne tu? Nikasikia sauti nzito ikisema vinywaji kwa watu wote. Ilikuwa yangu.

Nilipogeuka kumtafuta Lorna, alikuwa anavaa koti.

Kadi inasoma deni la dola mia nne themanini na saba.

Alhamisi, 13 Februari

Bado siku haijaisha! Nimepata njia. Au tuseme njia imenijia mezani wakati wa supu.

Wendell kaweka kijiko chini. Akasema amesikia kuhusu kadi. Akasema Lorna ni dada yake na hapendi kumwona anatembea nyumbani kama mgonjwa. Atanikopesha dola mia nne sasa hivi, kwa simu, nilipe kadi kabla benki hawajafunga hesabu. Riba hataki. Anataka kitu kimoja tu: niseme hapo hapo mezani kwamba lile jiwe lilikuwa bahati.

Lorna kanitazama. Alikuwa amekishika kijiko kwa nguvu hadi vidole vimekuwa vyeupe. Macho yake yalikuwa yananiambia sema, Orvo, sema, ni neno moja tu.

Nilifungua mdomo. Wallahi nilikuwa nimeshaanza na neno “Lile”. Halafu Wendell akatabasamu. Kidogo tu, upande mmoja.

Nikamwambia lile jiwe lilikuwa ustadi mtupu, na akitaka nimwoneshe jinsi nilivyokunja mkono.

Lorna akakunja kitambaa chake vizuri, akakiweka kando ya sahani, akashuka chini. Mimi nikamaliza supu nimenyoosha mgongo. Najua atanielewa. Mtu hawezi kuuza jina lake kwa dola mia nne.

Alhamisi, 20 Februari

Alama 566. Bi. Hrynchuk alinionesha mwenyewe kwenye simu yake, akaniambia pole Bwana Haapala, haiwezekani. Nikamweleza kuhusu lile jiwe. Akasema alilisikia, mji mzima umelisikia, hongera, lakini haiwezekani.

Nikageuka nimwambie Lorna tujikaze tu, mwaka ujao. Kumbe ameshakaa kwenye kiti cha Bi. Hrynchuk, na kalamu mkononi, anajaza fomu yake! Naye ana kadi kama yangu. Tangu mwaka jana. Ananunulia maziwa na tiketi za basi, analipa, anairudisha kabatini, hasemi. Alama 655! Bi. Hrynchuk akasema kwa huyu mama hana wasiwasi hata kidogo. Ufunguo mmoja, jina moja.

Tulipotoka nilimuuliza nihamishe vitu lini. Akasema, taratibu, bila hasira, kwamba anahama Jumamosi na vitu vyake. Mimi nibaki kwa Wendell kwanza. Alama zangu zikifika 600 tutazungumza. Jumapili nije kunywa kahawa. Akanifunga vizuri kitufe cha koti, akaondoka kuelekea ziwani, na sikuwahi kumwona anatembea haraka vile.

Nililia kidogo pale kituo cha basi. Upepo ulikuwa mkali pia.

Jumamosi, 22 Februari

Nimeamka mpya! Mke wangu ana 655. Nani amewahi kusikia familia yenye alama kama hizo? 655 na 566, ukijumlisha tunampita Wendell mbali sana. Nilimwambia hivyo wakati anabeba masanduku ya dada yake, akaniomba nimshikie mlango.

Na siendi kunywa kahawa Jumapili mikono mitupu kama mtu wa kupita. Lorna hana hata pa kukaa pale dirishani. Nimekwenda duka la samani, nikachagua kochi la ngozi la viti vitatu, kubwa, la kuegemea nyuma ukitazama maji. Hakuna kianzio, unalipa kwa awamu miaka minne. Muuzaji kaingiza jina langu kwenye kompyuta, akakohoa. Akaniuliza kwa adabu zote kama sina mtu wa kunidhamini, mtu mwenye alama nzuri, asiyedaiwa na yeyote, anayeniamini.

Nikacheka hadi akacheka na yeye. Nikamwambia umeuliza mtu sahihi, ndugu yangu. Ninaye, tena nimemuoa.