Kuku Niliyemchora Kazungushwa Kweli

Jamani, leo nimeadhirika hapa Mbugangari, tena mbele ya kwaya nzima!

Mnajua mimi ni fundi umeme. Mama Zawadi anaangulisha vifaranga, na mashine yake tumeiunda wenyewe: boksi la mbao, balbu za joto, na mota ya waipa ya gari ya kugeuza trei za mayai. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuijaribu. Ikimridhisha, ananipa kazi ya banda jipya lote.

Sasa, wakati wa kuchora ramani ya umeme nilikwama. Taa ina alama yake. Swichi ina alama yake. Kigeuza mayai je? Hakuna kitabu chenye alama hiyo! Wengine wangechora kiboksi wakaandika jina pembeni. Mimi nikachora kuku, na mshale unaomzunguka. (Kuku mzuri, ana hadi kishungi. Msinibishie.) Maneno sikuandika. Nikampa mwenzangu Shabani aende kufunga, mimi nikaenda kwenye kazi nyingine Nyakiriba.

Asubuhi hii nafika, nakuta Mama Zawadi kawaita wenzake wa kwaya waje washuhudie. Nikakohoa kidogo. Nikabonyeza swichi kwa madaha.

Trei kimya.

Uani kukalipuka makelele!

Tukakimbilia bandani. Mana yanjye! Mti wanaolalia kuku ulikuwa unazunguka. Kuku wanaruka huku na huku, manyoya hewani, jogoo kaung'ang'ania, anapinduka kichwa chini, anarudi juu, anapinduka tena.

"Shabani! Umefanya nini?"

"Mi nimefata ramani yako," akasema, wala hana wasiwasi. "Ulichora kuku na mushale ya kuzunguka. Donc, nikazungusha kuku."

"Na hukujiuliza kwa nini?"

"Nilijiuliza. Nikasema bon, we ndo ulisoma."

Kwaya ikacheka kwa sauti zote nne. Mama Zawadi akakaa chini kabisa, machozi ya kicheko yanamtoka. Nikaliona banda jipya linaniponyoka.

Nikimbie? Thubutu! Nikazima, nikafungua mota kwenye ule mti, nikaifunga kwenye trei kwa mikono yangu, jasho linanitiririka na wimbo wameshanitungia. Nikabonyeza tena. Mayai yakageuka taratibu, yote.

"Bon, banda ni yako," akasema Mama Zawadi. "Lakini ile kuku uifute."

Sifuti ng'o! Ile alama ni nzuri kuliko viboksi vyenu vyote. Nimeongeza maneno tu chini yake: "Kigeuza mayai. Kuku wenyewe waacheni walale."