Madhara kwa Faragha: Hakuna

Kwa furaha kubwa, Wakala wa Upelelezi wa Fedha unautangazia umma kwamba mtambo wetu mpya wa kuchungulia akaunti za benki umeshafanyiwa Tathmini ya Athari kwa Faragha. Niliifanya mimi, Mkuu wa Kitengo, kabla chai ya saa nne haijapoa. Mkurugenzi Mkuu alikuwa ameshanijazia jibu: madhara, hakuna. Kazi iliyobaki ilikuwa sahihi yangu.

Aliyetaka kututia doa ni katibu muhtasi wake. Mkurugenzi alikuwa ameamua kwamba siku ya uzinduzi akaunti za watumishi zioneshwe ukumbini, familia zetu zikiwepo, ili wananchi waone hatuna cha kuogopa. Mama wa watu akanifuata ofisini. Alikuwa na akaunti ya pembeni, ya ada ya bintiye, na mumewe akiijua tu, ada yote ingeishia baa. Nilimwonea huruma, lakini huruma haina kifungu. Nikampeleka kwa Mkurugenzi, naye akamjibu kwa mkato kwamba mtumishi mwaminifu hana siri.

Fundi wa kompyuta akaniuliza aanze na akaunti ya nani. Swali gani hilo? Kwetu hata mlangoni mdogo hamtangulii mkubwa. Nikamwelekeza afuate itifaki, cheo kwa cheo.

Siku ikafika. Waziri alitoa udhuru, na kwa kuwa kiti cha mgeni rasmi hakikai tupu, tulimkalisha mke wa Mkurugenzi. Akakata utepe, akabonyeza kitufe, na akaunti ya mumewe ikajaa ukuta mzima. Posho za safari, zile alizomwambia mkewe kwamba serikali imezifuta, zilikuwa zikienda kila mwezi kwa fundi ujenzi.

"Baba watoto," mkewe akauliza taratibu, "kwani tunajenga wapi?"

Mkurugenzi akaagiza mtambo uzimwe. Nilimkumbusha kwa adabu kwamba kilichozinduliwa na mgeni rasmi hakizimwi bila ruhusa yake. Akanivuta koti, jasho likimtiririka, akaniamuru nibadilishe tathmini papo hapo: madhara ni makubwa mno, akaunti ya mtu haioneshwi hadharani.

"Na ya katibu muhtasi?" niliuliza, maana mambo haya lazima yawekwe sawa.

"Ya kila mtu. Andika."

Nikaandika, akasaini. Katibu muhtasi alishusha pumzi mpaka nikaisikia. Ndipo Mkurugenzi akainama mbele ya mkewe, akaomba kwa sauti ya chini, "Mgeni rasmi, tunaomba ruhusa ya kuzima."

"Bado," akasema mkewe, akivaa miwani. "Fundi, mwanangu, hebu teremsha kidogo, hapo palipoandikwa kitanda cha mtoto."